Ufito wa Mwantum

Giza lilikuwa linaanza kuingia na ukungu ukishuka Msasani ya Tukuyu, Maulidi akatoka dukani na misumari kwa mara ya tatu siku hiyo. Alitembea huku akisonya. Mwenye duka alikuwa amemtania kama anajenga ghorofa. Fundi seremala, miaka ishirini kazini, Tukuyu nzima inamjua, leo anashindwa na sanduku la mchezo!

Ndiyo, la mchezo. Jenifer, binti mwenye nyumba ya wageni kwenye barabara ya Kiwira, alikuwa na sherehe jioni hiyo. Halowini, alisema. Wazungu hujifanya mizimu wakatishana, basi na vijana wa Tukuyu nao watishane. Alitaka jeneza la mbao la kuweka barazani watu wapigie picha.

"La urefu wa nani?" Maulidi alikuwa amemuuliza.

"La yeyote tu, fundi. Si pambo?"

Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Masanduku ya maiti Maulidi hakuyapima kwa tepu. Wafiwa walimletea ufito uliokatwa kwa urefu wa marehemu, naye akaulaza juu ya mbao na kukata. Siku ya maziko ufito ule ulivunjwa vipande viwili, ukawekwa miguuni pa marehemu. Ndivyo alivyofundishwa na wazee wa hapa, na mkono wake haukujua pengine pa kuanzia. Kwa hiyo asubuhi alikata ufito wa mwanzi, akamwita mkewe.

"Mama Nahla, njoo usimame ukutani nikupime."

Mwantum aliacha mchele aliokuwa akiuchambua. "Unipime mimi? Sanduku?"

"La mchezo. Na sisi tangu lini tukazikwa kwenye sanduku? Sisi ni sanda na mwanandani. Simama bwana, unanichelewesha."

Mwantum alisimama shingo upande, na Maulidi akakata ufito sawasawa na utosi wake.

Tangu hapo hakuna kilichonyooka. Sanduku lilikamilika, lakini kifuniko kikapwaya ubavuni, mwanya wa kidole kimoja kutoka kichwani hadi miguuni. Akatengeneza kingine, kipana zaidi. Mwanya wa kidole kimoja. Akatengeneza cha tatu, akakiongeza shibiri nzima kwa makusudi, hata kikaonekana cha kijinga. Akakiweka.

Mwanya wa kidole kimoja.

"Unataka nini wewe?" alilifokea.

Ndani ya sanduku kitu kilivuta pumzi... taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Maulidi aliinua kifuniko. Maranda matupu, na harufu ya paina. Akajiambia ni upepo, akakirudisha kwa hasira, akaenda kununua misumari.

Aliporudi, gari dogo la Jenifer lilikuwa tayari mlangoni, dereva akipiga honi. Maulidi alichoka. Alichoka hasa. Akauchukua ufito ukutani, akaulaza kwenye ule mwanya. Ukaenea kama uliotengenezewa pale. Akaupigilia misumari miwili, ncha moja ikabaki imechomoza nje kidogo, akasema liwalo na liwe. Wakalipakia, likaenda.

Akiwa bado anafagia maranda, alipiga hodi mzee Ambindwile, anayemletea mbao kutoka Isongole.

"Ndaga, mwanangu," alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Nimekutana na sanduku njiani. Nani katutoka?"

"Shikamoo, mzee. Hakuna aliyekufa. Pambo la sherehe."

"Na ule ufito wa ubavuni mlipata wapi?"

Maulidi akamweleza, nusu anacheka. Mzee hakucheka.

"Gwe Maulidi! Mtu mzima! Huo ufito umeuvunja?"

"Sijauvunja. Nimeupigilia palepale."

"Afadhali." Mzee alishusha sauti. "Tunapouvunja, tunaliambia sanduku kwamba mwenyewe keshaingia. Kaufuate. Uurudishe mzima, umpe mkeo aushike kwa mkono wake."

"Na ukivunjika wakati hakuna mtu ndani?"

"Hilo mimi sijaliona. Na sitaki kuliona."

Maulidi alitaka kubisha. Kisha akakumbuka kwamba tangu adhuhuri Mwantum alikuwa analalamika baridi, naye akamjibu kwamba hii ni Tukuyu, si kwao Tanga. Akakimbilia chumbani.

Mwantum alikuwa amelala, simu yake kando ya mto. Mwanamke huyu miaka yote hulala amejikunja, magoti kifuani. Sasa alikuwa amenyooka chali, visigino vimegusana, mikono imebana ubavuni. Maulidi alimshika miguu. Ilikuwa baridi mno.

"Mama Nahla."

"Niache nilale," alinong'ona bila kufumbua macho. Nywele zake zilikuwa na maranda.

Maranda... na karakana hajaikanyaga.

Maulidi alidandia bodaboda ya kwanza aliyoiona. Njia nzima alimhimiza dereva na kujilaani. Ulimi wake ndio ulioharibu. Mke alikataa kwa macho, na yeye akamkemea kwa ajili ya pambo! Kama kitu kitampata Mwantum, atamwambia nini mtoto wao Nahla?

Sherehe ilikuwa imeshika moto. Vijana waliojipaka unga usoni walikuwa wanacheza barazani, spika zikitetemesha madirisha. Sanduku lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili, mishumaa pembeni. Jenifer alimjia akitabasamu.

"Fundi! Kazi nzuri, watu wanaisifia."

"Ufito uko wapi? Ule mwanzi wa ubavuni!"

"Kile kijiti? Ncha yake ilimchania mtu gauni, nikakichomoa." Akaonyesha chini ya meza. "Nikakivunja."

Vipande viwili. Vilikuwa vimelala pamoja, upande wa miguuni.

Maulidi alitoa simu, akampigia mkewe. Iliita. Ikaita tena... Ikapokelewa.

"Mama Nahla?"

"Mmh." Sauti nzito ya usingizi.

"Uko wapi?"

"Si ulinikuta kitandani? Nimelala."

Maulidi aliegemea nguzo, akamshukuru Mungu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Baba Nahla," Mwantum alisema, "mbona umezima taa?"

Maulidi aligeuka kulitazama sanduku.

"Na huo muziki... nani kaoa?"

Maulidi aliibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mkewe kulikuwa na ngoma, kwa mbali, kama inayosikika nyuma ya ubao. Barazani kijana mmoja akabadilisha wimbo. Ndani ya simu, wimbo ukabadilika.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni huo muziki!"

Wakazima. Kimya kikaingia barazani na ndani ya simu kwa pamoja.

"Afadhali," alinong'ona Mwantum. "Sasa njoo unifungulie. Sipati pa kujigeuza."

Maulidi aliiangusha simu, akalivamia sanduku. Alipitisha vidole ukingoni mwa kifuniko, akitafuta ule mwanya uliomtesa tangu asubuhi. Alizunguka kichwani, ubavuni, miguuni, akarudi tena kichwani.

Kifuniko kilikuwa kimekaa barabara. Hata ukucha haukupata pa kuingia.