Tuachane na Hili Dume

"Hili dume hili!" dalali wa magari alipaza sauti, mguu wake ukikanyaga mafuta. Injini ikanguruma hadi vioo vya ofisi ya yadi vikatetemeka. "Njoo mwenyewe ulione, fundi! Petroli ndiyo mama yao!"

Fundi hakujibu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyeshikwa mkono na rafiki yake wa zamani.

"Hili ndilo gari," alisema.

Mkewe alikuwa kando, ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Yeye ni mshonaji wa mapazia. Pikapu yao imechoka na haina paa, mvua ikinyesha majora ya vitambaa yanalowa, na ndiyo sababu walikuwa pale wakitafuta gari kubwa lenye paa. Lakini moyo wake ulikuwa upande wa pili wa yadi. Kulikuwa na gari la umeme pale, pana, limenyanyuka juu ya matairi yake, limetulia kama paka aliyeshiba.

"Mume wangu, lile pale fimbo za pazia zinaingia zote bila kutokeza nje."

"Mm."

"Na halina moshi."

"Mm."

"Na jana mbuzi kaolewa na simba."

"Ndiyo, ndiyo," fundi alisema, akitikisa kichwa kwa heshima zote.

Mkewe akauma mdomo. Siku zote ndivyo ilivyokuwa. Wakiwa safarini kwenye pikapu atasema weee, na jibu ni "mm". Ameshaanza kujiuliza kama amechuja machoni pa mumewe. Akamsogelea begani, na dalali naye, kwa kiherehere chake, akakanyaga mafuta tena.

"Tuachane na hili dume, twende tukalijaribu lile!" mke alisema kwa nguvu.

Kumbe, wapendwa wangu, katika maneno yote hayo lililomfikia mumewe lilikuwa moja tu, la kwanza.

Fundi aliondoa mkono kwenye boneti kama aliyeungua. Alimtazama mkewe usoni, akamtazama dalali, halafu akageuka, akatoka getini kwa miguu.

"Huyu naye kaenda wapi?" mke aliuliza.

"Labda kaenda kuleta hela," dalali alisema. Dalali ni dalali.

Fundi huyo ni mjukuu wangu. Alinikuta jikoni nachambua mchele, akakaa kwenye kigoda bila hata kunisalimia, na yeye si mtu wa kuniruka hivyo.

"Mume wangu," nilimtania, maana mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi, "leo umenijia mikono mitupu?"

"Bibi, mwenzangu kaniacha."

Ungo ukanitoka mkononi.

"Kakuacha nani?"

"Mke wangu. Kasema tuachane. Mbele ya dalali, mchana kweupe."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Tulikuwa tunachagua gari!"

Simu yake ikaangaza. Macho yangu hayasomi tena vile vijiherufi, nikamwambia anisomee. Akaanza na ujumbe aliouandika yeye njiani: "Nimekubali ulichosema. Sina kinyongo."

Halafu akasoma jibu la mkewe:

"Kweli umekubali?! Nimefurahi mno mume wangu! Nilikuwa naogopa hata kukuambia. Basi tumalize leo leo kabla hujabadili mawazo, dalali yuko tayari kuandika karatasi."

"Umeona, bibi? Furaha yote hiyo! Na talaka yenyewe inaandikwa na dalali wa magari!"

Nawaambieni, nimeishi miaka mingi na nimesikia visa vya ndoa, ila mwanamke wa kumwita mume anayemwacha "mume wangu" na vigelegele juu yake, huyo sijamsikia. Nikachukua simu yangu nikampigia. Simu yangu nimeifungulia sauti yote, akiongea mtu nyumba nzima inasikia.

"Mke mwenzangu," nilisema, "mbona nasikia mnaachana?"

"Ndiyo, bibi! Kakubali mwenyewe, siamini! Lile dume lingeniua. Linanguruma, linanuka, na kunywa linakunywa!"

"Mtoto wewe! Mume unamsema hivyo?"

"Mume gani? Gari, bibi! Dume la petroli!"

Nikacheka hadi nikashika mlango. Nikamgeukia mjukuu wangu nipate kucheka naye. Yeye alikuwa amekaa palepale, uso umekunjamana, macho kwenye mdomo wangu.

"Anasemaje?" aliniuliza.

Kicheko kikaniishia. Sauti ya mkewe ilikuwa imejaa jiko lote, hata jirani anayeanua nguo alikuwa anacheka. Na huyu, hatua moja kutoka kwangu, ananiuliza anasemaje.

Mimi ni mtu mzima. Ujanja wa kucheka wenzako wakicheka naujua. Nikamtazama, na yeye akajua nimemjua. Akainamisha kichwa.

"Bibi, usimwambie," alisema polepole.

"Neno hilo si langu," nilimjibu nikimtazama usoni. "La kwangu ni hili: hujaachwa. Kasema muachane na gari." Halafu nikarudi kwenye simu. "Mke mwenzangu, njoo na hilo gari lako la umeme. Njoo sasa hivi, na mimi nataka kupanda."

Alikuja nalo, pikapu akiiacha kwa dalali kama rehani. Gari lilisimama mlangoni na sisi hatuna habari, hadi alipogonga dirisha. Nikapandishwa nyuma, katikati ya majora ya vitambaa vya kijani vya mteja, aliyoyahamisha kutoka kwenye pikapu. Fundi akakaa mbele, mikono mapajani, hana pa kuiweka. Mkewe akashika usukani.

Jamani, gari lile! Nilisikia pumzi zangu. Nilisikia bangili za mke mwenzangu zikigongana kwenye kona.

"Umenishtua leo," mke alianza, macho barabarani. "Ulidhani nakuacha? Ndiyo maana ukaondoka?"

Fundi kimya, anaangalia nje dirishani.

"Nakuuliza wewe."

Kimya.

"Haya, umenuna. Mimi ndiye wa kununa, nimeachwa yadini kama gunia."

Kimya. Mke akaingiza gari pembeni ya barabara, akalisimamisha chini ya ukuta mrefu wa ghala. Akamgeukia, machozi yameshafika.

"Kwenye pikapu nilijipa moyo, nikasema ni kelele za injini. Hapa hakuna kelele, mume wangu. Hapa hata nzi anasikika. Sasa leo utasingizia nini? Sema tu kwamba nimekuchosha!"

Haya aliyasema wakitazamana, na haya yalimfikia.

"Sikusikii," fundi alisema.

"Najua hunisikii! Ndicho ninacholalamikia!"

"Hapana. Sikusikii. Masikio yangu yamekufa."

Nyuma huku nikavuta kitambaa cha kijani nikajifunika hadi kidevuni. Nikajifanya jora.

"Injini zimenila," aliendelea. "Kidogo kidogo. Kwanza ndege, halafu simu, halafu wewe ukiwa chumba cha pili. Ukikaa mbele yangu nasoma midomo. Ukiwa kwenye cherehani umenipa mgongo, nasoma mabega. Injini nazitengeneza kwa kiganja, nahisi zinavyotetemeka, najua zinaumwa wapi. Nani atampa gari lake fundi kiziwi? Na wewe ulioa... uliolewa na mtu mzima, si nusu mtu."

Mkewe akaachia usukani.

"Kwa hiyo yule mbuzi..." alisema.

"Mbuzi gani?"

"Basi, acha." Akafuta machozi kwa kiganja, akacheka, akalia tena. "Mwanaume mjinga wewe! Nimekaa mbele ya kioo nikihesabu mikunjo, nikidhani ndiyo imekukimbiza! Unajua kwa nini nilitaka gari la umeme? Unadhani fimbo za pazia? Nilitaka gari ambalo tutaongea. Hilo tu. Nilisema, labda kelele zikiisha atanijibu."

Fundi akashusha pumzi ndefu.

"Na mimi nililikataa kwa sababu hiyohiyo. Kwenye la petroli nina pa kujificha. Na hili..." Aligusa mbele yake, akapapasa, akarudisha mkono. "Hili limekaa tu. Sina pa kuweka kiganja nikajua liko hai."

Mkewe alimsogelea. Alishika kile kiganja, kigumu, kina mafuta kwenye mistari yasiyotoka kwa sabuni yoyote, akakiweka kooni mwake.

"Weka hapa," alisema. "Mimi niko hai. Kesho tunaenda kwa daktari wa masikio. Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia," fundi alisema. Kiganja hakukitoa.

"Na wateja wako utawaambia mwenyewe. Atakayeondoka aende. Kiganja chako hakijaziba."

"Na gari?"

"Gari chagua wewe. Ukitaka lile dume tulichukue, nitaziba pua. Nilichokuwa natafuta nimeshakipata."

Fundi alifikiri. Akatazama usukani, akatazama mkewe.

"Umeme ukikatika?"

"Tutakaa ndani tuongee hadi urudi."

"Gari lisilo na sauti ni kama mwizi, linakufikia hujui."

"Basi sisi tuwe wezi."

Akacheka. Mjukuu wangu akacheka, kicheko cha kweli, si kile cha kufuata wenzake.

"Tulichukue hili," alisema.

"Alhamdulillahi!" lilisema jora la kijani, na wote wawili wakaruka kwenye viti. Walikuwa wamenisahau.

Daktari hakumficha: yaliyokufa yamekufa, ila yaliyobaki yanasaidika. Akampa vifaa vidogo vya kuvaa nyuma ya sikio. Siku ya kwanza fundi alishinda akifungua na kufunga droo ya vijiko, anasikiliza. Gereji aliwaambia wateja wake hadharani. Wengine walihama, sitadanganya, tena wenye magari mazuri. Waliobaki wanamletea injini kama zamani, na sasa anajifunza haya ya umeme pia, maana nayo yana breki, yana springi, na barabara mbovu haichagui.

Juzi tulikuwa tunapeleka mapazia. Mimi nyuma, nafasi yangu ya siku zote. Madirisha yako wazi. Fundi kavaa shati alilonyooshewa, kanyoa vizuri.

"Umependeza leo," mkewe alisema, kama anayejisemea.

"Sijasikia," fundi alisema.

"Nimesema umependeza leo."

"Eh? Rudia."

"UMEPENDEZA!"

Mzee mmoja aliyekuwa anavuka barabara na kofia yake akageuka, akainamisha kichwa. "Ahsante, mwanangu!"

Tukacheka gari zima. Fundi bado ametega sikio, uso umetulia kama hajui kitu.

"Amesikia tangu mara ya kwanza huyo!" nilisema. "Anakuchezea!"

"Najua, bibi," mke mwenzangu alisema, macho barabarani.

Akarudia tena, polepole.