Kiti cha Radi

Mkurugenzi wa makumbusho alipovuta turubai, usoni alikuwa na tabasamu alilolifanyia mazoezi kwa ajili ya wapiga picha. Tabasamu likamfia mdomoni. Gari la mbio lililokuwa likingojewa na mji mzima lilikuwepo, bodi yake ya manjano iking'aa, magurudumu manne mahali pake, lakini pale anapokaa dereva palikuwa na shimo. Kiti kilikuwa kimeng'olewa. Usukani nao ulikuwa umelazwa kwa adabu juu ya boneti.

Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi, na ufunguzi ulipangwa kufanyika saa nane mchana. Inspekta alifika saa tatu akiwa na konstebo mmoja. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na kituoni walimwita Mama Pole kwa sababu hakuwahi kumfokea mtuhumiwa. Waliomjua zaidi waliongeza kwamba aliyeambiwa pole mara tatu siku hiyo alilala rumande. Hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Hata chenji ya dukani aliihesabu akiwa bado anamtazama muuzaji machoni.

"Ni fundi," mkurugenzi alisema kabla hajaulizwa. "Mkamateni mapema, waandishi wasije wakamkuta hapa."

"Pole kwa yaliyokukuta," Inspekta alisema. "Kwa nini fundi?"

"Jana jioni nilifunga ukumbi mwenyewe, kiti kikiwa ndani ya gari. Asubuhi aliyefungua ni yeye. Na usukani usipotolewa kwanza, kiti hakipiti. Nani mwingine anajua hilo?"

"Ndiyo nataka kujua. Nani mwingine?"

Waliokuwemo ukumbini asubuhi ile, mkurugenzi alikiri, walikuwa watatu: fundi, dada yake Radi, na Radi mwenyewe.

Radi hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu. Watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha mbio walilijua jina hilo. Zamani, kwenye mbio za mlimani, rafiki yake alipinduka na kufa kwenye kona wakati wa mazoezi. Kesho yake mvua ilinyesha na ukungu ukatanda, na madereva wote walipofika kwenye kona ile walipunguza mwendo. Radi hakupunguza. Aliwaacha wote nyuma, injini ikapasuka kwenye mstari wa mwisho, na yeye hakushindana tena. Gari lilifunikwa turubai kwenye gereji ya fundi, likakaa humo hadi wiki iliyopita lilipoletwa makumbusho.

Inspekta alilizunguka gari polepole. Mwizi aliziacha saa za dashibodi na nembo ya fedha puani, vitu vyenye soko, akachukua kiti kilichochanika. Nati zilizofunguliwa zilikuwa zimewekwa ndani ya kifuniko cha kopo, zisipotee. Aliinama akamulika tochi chini. Kila pedali ilikuwa imevalishwa kipande kinene cha mbao, kimefungwa kwa waya ulioshika kutu.

"Hizi mbao ni za nini?"

"Magari ya zamani yalikuwa na mambo yake," mkurugenzi alisema, akitazama saa.

Ukutani zilining'inia picha mbili kubwa. Ya kwanza ilimwonyesha dereva akivuka mstari wa mwisho, skafu hadi puani, miwani machoni, na paji la uso limejaa tope. Ya pili ilimwonyesha Radi kwenye jukwaa la washindi akiinua kombe. Uso wake ulikuwa safi kama ametoka kwa kinyozi.

"Alioga?"

"Alikuwa mtanashati. Gari lilisukumwa hadi kwenye kibanda chao naye akiwa ndani, mlango ukafungwa, akatoka amejipanguza."

"Na kiti, leo kilikuwa na kazi gani?"

"Hata sanamu halina kazi tena!" Mkurugenzi alishika kichwa. "Jana jioni niliwapa habari njema wote watatu. Nimechongesha sanamu la Radi, vipimo vyake halisi, urefu wake na upana wake. Leo lilikuwa likae kwenye kile kiti."

Inspekta aliacha kutembea. Halafu akaomba kuonana nao mmoja mmoja.

Fundi aliletwa kwanza, mzee mkavu mwenye mafuta meusi yaliyokwisha kuwa sehemu ya kucha zake.

"Asubuhi ulifungua ukumbi. Baadaye?"

"Nilikwenda stoo kutafuta nta ya kung'arishia."

"Ulikawia?"

"Nilikawia. Stoo ina vumbi, na macho yangu si yale."

"Ukumbini ulimwacha nani?"

Fundi alivitazama viatu vyake.

"Fundi, pole, lakini ukinyamaza unajikaanga mwenyewe. Kiti umeiba wewe?"

"Sikuiba."

"Unamjua aliyeiba?"

"Gari nalijua, afande. Watu waulize wenyewe. Kama ni kunifunga, nifunge. Naomba tu mtu aende nyumbani akamwambie mke wangu. Haoni. Mimi ndiye ninayemshika mkono akitoka."

Hakutetemeka wala kubembeleza. Inspekta alimshuku kwa hilo, kwa sababu mtu asiye na hatia kwa kawaida hupiga kelele.

Dada yake Radi alikaa kwenye kiti cha ofisi, mikono mapajani, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Katika kila picha ya zamani alikuwa pembeni, ameshika saa ya kupimia mwendo.

"Leo asubuhi, mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikaa ukumbini kidogo, nikatoka nje kupunga hewa."

"Ukamwacha kaka yako peke yake?"

"Alitaka kulisalimia gari lake. Hajawahi kwenda kuliona, miaka yote hiyo."

"Hata mara moja? Gari lililompa jina?"

"Hata mara moja." Alisema hivyo akiangalia dirishani, kisha akauliza, "Mtamfunga fundi kweli?"

"Mkurugenzi ana haraka. Una jambo la kunizuia?"

"Mkewe haoni," alisema. "Mumtume mtu."

Inspekta aliandamana na mkurugenzi hadi mlangoni mwa ukumbi, alipokaa Radi juu ya sanduku la mbao lililoletewa vikombe vya ushindi, koti refu magotini. Alikuwa mzee wa miraba minne, na uzee ulikuwa haujamfupisha. Mkurugenzi alimsogezea kiti chenye mto.

"Asante, hapa pananitosha."

"Mzee, sanduku litakuumiza."

"Nimesema pananitosha, mwanangu." Akamgeukia Inspekta na kuinamisha kichwa. "Samahani, binti. Mwanamke akiingia mimi husimama, lakini leo magoti yamenigomea."

"Pole, Mzee. Naambiwa umetoka nyumbani kwa miguu, magoti yakiwa hayohayo?"

"Yalichoka njiani," Radi alisema, akacheka. Kicheko kilikuwa kizuri, cha mtu aliyezoea kutazamwa.

"Leo uliligusa gari?"

"Nililitazama kwa mbali. Sikuligusa."

"Na kile kiti, mara ya mwisho kukikalia?"

"Siku ya ushindi wangu."

"Kilikutosha vizuri?"

"Kilinikaa kama ngozi yangu."

"Fundi unamfahamu vipi?"

Radi alilivuta koti. "Ni kama ndugu yangu. Lakini uzee una shida zake, binti. Mke mgonjwa, dawa. Mtu akipata mnunuzi wa vitu vya kale anaweza kuteleza. Mimi nimeshamsamehe."

Inspekta alishukuru. Alikuwa amewaona wengi waliokana, wengi waliosingizia, lakini hajamwona anayemsamehe mwenzake kabla kosa halijathibitishwa.

Saa sita aliwakusanya wote mbele ya gari, isipokuwa Radi aliyebaki juu ya sanduku lake mlangoni. Alimwagiza konstebo amfunge fundi pingu. Konstebo akafunga, na mlio wa chuma ukasikika hadi darini. Dada yake Radi alishika mkono wa kiti chake. Radi, juu ya sanduku, aliangalia sakafu.

"Hatimaye," mkurugenzi alisema.

"Bado kidogo," alisema Inspekta. "Nileteeni lile sanamu."

Vibarua wawili walilibeba sanamu na kulishusha pale kwenye shimo. Halikuingia vizuri. Magoti yaligonga dashibodi, na nyayo zilizuiliwa na mbao za pedali. Vibarua walisukuma, wakainamisha, wakajaribu upande. Sanamu la bingwa lilibaki limejikunja, magoti kidevuni.

"Vipimo vimekosewa," mkurugenzi alisema kwa hofu.

"Vipimo ni sawa. Linganisha na mwenyewe, yuko hapo." Inspekta alimulika tochi chini ya miguu ya sanamu. "Mbao hizi zimefungwa ili mguu mfupi ufike. Mtu mwenye miguu ya Mzee Radi asingeendesha gari hili hata kutoka nje ya geti. Na picha ile mnaiona. Dereva amejaa tope hadi kwenye paji. Mshindi hana hata doa. Waliingia kibandani na kubadilishana. Dereva wa siku ile alikuwa mtu mdogo."

Hakuna aliyegeuka kumtazama dada yake Radi, na yeye hakumtazama mtu.

"Sasa tumtafute mwizi," Inspekta aliendelea. "Jana jioni alisikia kwamba sanamu litakalishwa kwenye kiti. Kiti kile, nadhani, kilikuwa kimebanwa kumtosha yule mdogo, na sanamu lingekwama mbele ya waandishi. Mwizi alikijua kiti. Lakini mbao hakuzigusa. Waya wenye kutu, unakatwa kwa koleo ukihesabu hadi tano! Kwa nini aliziacha?"

"Alisahau?" mkurugenzi aliuliza.

"Fundi asingesahau, maana mwenye koleo na waya ni yeye. Aliyeendesha asingesahau, alizikanyaga mlima mzima. Aliyeziacha ni mtu asiyejua kwamba zipo. Kati ya hawa watatu, mmoja tu hakuwahi kuingia humo kati ya siku ile na leo. Leo nimeambiwa kwamba miaka yote hiyo hakwenda kuliona gari hata mara moja." Alisogea mlangoni, akapunguza sauti. "Pole, Mzee. Naomba usimame."

Radi hakusimama. Mkono wake ulilipapasa sanduku kama mtu anayetafuta ukingo wa kitanda gizani.

"Kaka," dada yake alisema. "Simama."

Akasimama. Magoti hayakuwa na neno. Konstebo aliinua kifuniko, na ndani kilikuwa kiti, kimebinywa kwa nyundo pande zote mbili kama kikapu kilichokaliwa.

"Niliogopa," Radi alisema. Sauti ya jukwaani ilikuwa imemtoka. "Jana yake nilimtoa rafiki yangu kwenye gari lake. Asubuhi mikono ilinikatalia. Nilijificha kona ya kibanda natapika, fundi akigonga kiti mbele yangu, dada akivaa nguo zangu. Niliwaona wakisukuma gari kwenda nje."

"Mbao niliziweka huko nje," fundi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema bila kuulizwa. "Kwenye mstari wa kuanzia. Tuligundua mguu haufiki."

"Na zilikaa gerejini kwako miaka yote. Kwa nini hukuzitoa?" Inspekta aliuliza.

"Niliapa kutosema, afande. Sikuapa kufuta."

Mkurugenzi alikaa kwenye kile kiti chenye mto kilichokataliwa. "Mama, kwa nini ulinyamaza?"

"Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kushindana. Wangetunyang'anya kombe siku ileile." Dada yake Radi alimkabili kaka yake. "Baadaye walituruhusu. Nikasema kaka atasema mwaka huu. Nikasema labda mwakani. Nilikusamehe kuogopa, hata mimi kwenye ile kona nililia mpaka miwani ikaingia ukungu. Nilikusamehe na kombe. Lakini leo fundi amefungwa pingu mbele yako na wewe umekalia kiti. Hilo siwezi kukusamehe."

Radi alimwangalia fundi.

"Nilimwambia Inspekta kwamba nimekusamehe," alisema.

"Nilisikia. Ukumbi huu una mwangwi."

"Nikamtaja na mkeo."

"Hilo pia nilisikia," alisema fundi.

Inspekta alimfungua fundi pingu mwenyewe. "Pole sana, fundi," alisema, na konstebo aliyemjua akashangaa, kwa kuwa safari hii alimaanisha pole tu. Kwa Radi alisema kwamba maelezo yake yataandikwa kituoni, kesho, kwa kuwa kupoteza muda wa polisi na kumsingizia mtu si mchezo hata kwa bingwa.

Nje, sauti za waandishi zilikuwa zimeanza kusikika. Mkurugenzi alifuta jasho. "Niwaambie nini? Mabango yote yana jina lake."

Radi aliinama akakitoa kiti sandukuni. Alikibeba mwenyewe hadi garini, sanamu likaondolewa, akakishusha mahali pake. Fundi aliokota nati kwenye kifuniko cha kopo na kuzikaza moja moja, akisugua kifundo cha mkono kila alipobadilisha spana. Dada yake Radi alivua viatu, akapanda, akaketi. Pande zilizobinywa zilimpokea kiunoni, na nyayo zake zikatua juu ya mbao bila kutafuta.

"Usukani," alisema.

Fundi alimpa. Radi alilivaa koti lake, akalifunga vifungo hadi juu, akatembea kwenda mlangoni. Mkurugenzi alimfuata akiuliza tena, kwa sauti ya kuomba, awaambie nini watu wale.

"Waambie dereva amefika," alisema Radi, akafungua mlango.