Pazia Langu na Aprikoti za Sher Baz

Kila kiangazi, huku kwetu Hunza, milimani kaskazini mwa Pakistan, kila paa hujaa matunda ya aprikoti. Tunazianika ziwe chakula cha majira ya baridi.

Mwaka huo jirani yangu Sher Baz alichoshwa na nzi na vumbi. Akazifunika aprikoti zake kwa nailoni. Siku ya tatu akafunua. Za pembeni zilikuwa zimeota ukungu.

Binti yake Zaibun, wa darasa la sita, alikwenda kumuuliza mwalimu wake sababu.

"Mwalimu Dilshad kasemaje?" baba alimuuliza aliporudi.

"Kaniuliza, 'Wewe umeona nini?'"

"Hajui huyo! Mwalimu gani anauliza watoto? Hizi zilizobaki zikiharibika, nakuhamisha shule!"

Zaibun alilia sana. Alimpenda mno mwalimu yule. Asubuhi alipanda juu ya paa, akachungulia chini ya nailoni.

"Shangazi!" aliniita, kama alivyozoea kuniita mimi jirani. "Nailoni imelowa kwa ndani! Maji ya matunda hayana pa kutokea."

Akainyanyua nailoni kwa vijiti. Mchana ilikuwa imelowa tena. Jioni Mwalimu Dilshad alipita, akapanda kuona.

"Si umwambie tu mtoto wa watu?" nilimfokea.

"Nikimwambia, atajua habari ya aprikoti tu," alijibu kwa upole. "Zaibun, kitu gani kinazuia nzi lakini kinapitisha upepo?"

Mtoto aliangaza huku na huku. Macho yake yakatua kwenye dirisha langu.

"Pazia la shangazi! La neti!"

Nilinung'unika, lakini nikalifua nikampa. Zaibun akatandaza aprikoti ambazo hazikuharibika juu ya kitanda cha kamba, ili upepo upite hata kwa chini. Juu akafunika pazia. Nilimtazama nikaona fahari, kama vile ni wangu.

Baada ya wiki zilikuwa zimekauka, safi na tamu. Sher Baz alitafuna moja, akatafuna ya pili. Akajaza mfuko, akashuka.

Kesho yake alivaa kofia yake nzuri, akaenda shuleni. Zaibun alimwona mlangoni. Alidhani amekuja kumhamisha, kama alivyotishia.

Baba aliweka mfuko wa aprikoti mezani.

"Mwalimu, mbuzi wanaruka ukuta wangu, wanamaliza mboga. Nifanyeje?"

"Wewe umeona nini?" aliuliza Mwalimu Dilshad.

Darasa zima, lililozoea swali hilo, likacheka. Sher Baz naye akacheka, akaketi kwenye benchi karibu na binti yake, akaanza kueleza.