Dalili ya Kubuni

Kifafa cha yule mkata nguo kilikuwa na kasoro moja: kilifuata maelezo.

Kwa miaka mitatu, katika karakana ya ushonaji ya shangazi yake, binti huyo alipatwa na aina moja tu, ya kuduwaa. Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa, macho yakaganda, na baada ya sekunde kumi akaendelea kukata, asijue kwamba alikuwa ameondoka. Kisha dada yake, ambaye ni muuguzi, akamweleza shangazi kwamba ipo aina nyingine, ambayo mgonjwa hulamba midomo na kuchezea vifungo bila kujitambua. Binti hakuwapo. Kesho yake akalamba midomo. Muuguzi akaeleza ile kubwa: mwili hukakamaa, kisha viungo hutikisika, macho yakiwa wazi. Binti hakuwapo. Siku mbili baadaye ikaja, kwa mpangilio uleule.

“Anatuigizia,” alisema shangazi. “Akirudia, mkasi wangu hashiki tena. Atafute kazi kwingine.”

Muuguzi alijiuliza ni nani aliyempelekea mdogo wake maneno hayo, na hakuona mwingine ila shangazi mwenyewe. Basi asubuhi moja, binti alipokwenda kuchukua dawa, muuguzi alifunga mlango.

“Dalili ya uhakika, Shangazi, ni ngumi ya kushoto. Kidole kidogo hubaki kimenyooka.”

“Kumbe!”

“Uongo mtupu, nimeubuni sasa hivi. Akikinyoosha, nitajua nani amembonyeza.”

“Mimi? Haya, kaa hapa unilinde kama mahabusu!”

Wakakaa goti kwa goti, simu zote mbili mezani, mpaka binti aliporudi. Hajaweka hata mfuko wa dawa chini, karakana ikajaa harufu ya pamba inayoungua, ilhali pasi zote zilikuwa baridi, na cherehani zikatetemeka bila mguu kuzikanyaga, na binti akaanguka, akakakamaa, akatikisika, macho wazi yakitazama pazia la chumba cha kujaribia nguo, huku dada yake akimlaza ubavu, akisogeza mkasi mbali, akihesabu dakika, asithubutu kutazama mkono wa kushoto, mpaka alipolazimika kuutazama.

Ngumi. Kidole kidogo kimenyooka.

“Shangazi,” alinong’ona, “umemwambia saa ngapi?”

“Si tulikuwa wote, mwanangu? Mlango umeufunga wewe. Maskini, haigizi. Mkasi ni wake. Lakini tulikuwa wawili tu humu. Au sivyo?”

Muuguzi alichukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya kitambaa cheusi: *Tusiseme tena kwa sauti.*

Shangazi akasoma kimya, akatikisa kichwa kukubali.

Nyuma ya pazia, sauti nyembamba ikayasoma maneno hayo, silabi moja moja, kama mtu anayejifunza herufi.