Uzito wa Kiti cha Nyuma

Kashaulili, mtaa wa mjini Mpanda, bado wapo wanaokikumbuka kigari cha Mikidadi, muuza vitenge mwenye duka mkabala na soko. Kilikuwa cheupe, cha milango mitatu, injini ndogo isiyojua kunywa mafuta. Kilishushwa kwenye behewa la mizigo katikati ya miaka ya tisini, na mji mzima haukuwa na kingine cha namna hiyo. Mikidadi alikinunua kwa sababu moja. Mkewe, Shamsia, alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya sasa ilikuwa imekaa, na kwa desturi ya kwao alikwenda kuisubiri kwa mama yake, kijijini Litapunga. Mikidadi aliapa kwamba safari hii, uchungu ukianza tu, mkewe atafikishwa hospitali ya Mpanda upesi.

Siku ya kwanza alikipeleka Litapunga mkewe akione. Wakati wa kurudi barabara ilikuwa tupu, naye akataka kujua kinaweza nini. Akakanyaga mafuta. Kikaitika hapo hapo. Unagusa, kinaruka! Alikuwa anacheka peke yake alipoona matawi mabichi yametandazwa barabarani, na wanaume wakipunga mikono, mmoja wao akipeperusha kitenge cha kijani. Kila dereva anajua maana ya matawi: kuna lori limeharibika mbele. Na hawa, aliwaza, ni utingo wanaotaka lifti. Hakuondoa mguu. Matawi yakavunjika chini ya tairi, kitenge kikamponyoka yule mtu, vumbi likawafunika wote.

Mbele hakukuta lori lolote, wala hakujiuliza.

Kesho yake kigari kikaanza visa. Unakanyaga, hakiitiki. Kinafikiria kwanza, kisha kinasogea kwa uzito, injini ikilia bure. Kwenye vilima baiskeli zilimpita, na waendesha baiskeli waligeuka kumtazama. Mikidadi alitukana, akaupiga usukani ngumi mpaka mkono ukavimba. Vijana wa sokoni wakawa wanampigia kelele, "Mzee, shuka ukisukume!" Alitamani kukichoma moto.

Akakipeleka kwa Didace, fundi mwenye asili ya Burundi aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Didace alibadili plagi, akasafisha nozeli, akapuliza chujio la hewa, akakaza waya wa mafuta. Hakikubadilika hata kidogo.

"Injini nzima kabisa, mzee. Ila inavuta kama imebeba mtu."

"Imebeba nani? Si unaona niko peke yangu!"

Didace hakumtazama. Alikuwa anaangalia springi za nyuma. Upande wa kushoto kigari kilikuwa kimelala, na kiti cha upande huo kilikuwa kimebonyea.

Akashusha sauti. "Mzee, siku ile barabara ya Litapunga ulikuta matawi?"

"Kulikuwa na lori bovu."

"Hapakuwa na lori. Walikata matawi ili gari lisimame. Séverine, shemeji yangu, uchungu ulimzidi. Walimbeba kitandani kwa miguu mpaka pale, wakachoka."

"Akafika?"

Didace akafunga boneti polepole. "Hakufika. Nenda kawape pole, mzee."

Mikidadi alirudi nyumbani na hasira zake. Yeye ana gari bovu, fundi anamletea habari za marehemu! Lakini ndani alijua. Kila siku alisema ataenda, na kila siku aibu ilimrudisha dukani.

Ikafika siku ya Shamsia kujifungua, Mikidadi akaitwa Litapunga. Ilikuwa baada ya alasiri. Walimlaza kiti cha nyuma, mama mkwe, Hadia, akakaa mbele akiomba dua. Mikidadi akakanyaga mafuta mpaka sakafuni. Kigari kikafikiria. Kisha kikaanza kwenda.

"Nenda basi!" alifoka. "Nenda, nakuomba!"

Injini ilipiga kelele. Mwendo haukuongezeka. Kiliyumba kidogo kulia, kidogo kushoto, na Mikidadi akautambua mwendo ule. Ndivyo wanavyotembea watu waliobeba kitanda.

Akazisikia nyayo pande zote mbili.

"Mwambie huyu dada asogee," Shamsia alinong'ona. "Ananibana."

Hadia aligeuka nyuma. Akageuka mbele tena. Dua ikamkauka mdomoni.

Walipofika penye matawi, sasa yamekauka, kigari kikasimama. Mikidadi akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi. "Séverine, nisamehe. Mke wangu hana kosa." Akainuka, akarudi kwenye usukani. Kigari kikaendelea, mwendo ule ule, na yeye akalia njia nzima kama mtoto.

Walifika hospitali wakati wa magharibi. Muda si mrefu muuguzi akatoka. "Hongera, mzee. Mama mzima, mtoto mzima." Akatazama nyuma ya Mikidadi. "Yule dada mwingine amekwenda wapi? Alimshika mkeo mkono mpaka mwisho. Mwambie aje anawe, miguu imejaa vumbi."

Mikidadi alikimbilia nje. Springi zilikuwa zimenyooka. Akawasha, akagusa mafuta. Kikaruka! Kulipokucha alizunguka mji akicheka na kufuta machozi, kisha akarudi hospitali kuwachukua.

Shamsia akapanda nyuma, upande wa kulia, mtoto mapajani. Mikidadi akakanyaga mafuta.

Kigari kikafikiria kwanza.

Akageuka. Mtoto alikuwa amefungwa kitenge cha kijani.

"Nani kakupa hicho?"

"Yule dada. Kasema hatadai kurudishiwa, atakuwa anakuja mwenyewe kumwona."

Katikati ya kitenge ilipita alama ya tairi jembamba la gari dogo. Mkono wa mtoto ulikuwa umenyooka upande wa kushoto, vidole vimekunjwa kama vimeshika kidole cha mtu.