Kwanga ya Safi na Matope ya Depo

Safi alikuwa mpishi wa kwanga, mkate wa mihogo iliyolowekwa. Kila asubuhi alizifunga kwa majani na kuziuza mbele ya nyumba yake, karibu na mto, hapa Kisangani. Mume wake, Feruzi, alikuwa fundi wa taa za petroli, yaani mafuta ya taa.

Wakati wa vita ya waasi walikimbilia porini, upande wa Bengamisa. Vita ilipokwisha walirudi. Safi alikuta shimo lake la kuloweka mihogo lipo bado ukingoni, chini ya depo ya mafuta. Alifurahi sana. Akaloweka mihogo kama zamani.

Siku moja mteja wake, Papa Augustin, alimega kwanga, akatafuna, akatema.

"Mama Safi! Kwanga hii ukiitia utambi, itawaka!"

Watu walicheka. Safi hakucheka. Mtoto wa dada yake, jina lake Binti, alikuwa karibu kuolewa. Ilikuwa harusi ya kwanza ya familia tangu vita, na kwanga ya karamu ilikuwa kazi ya Safi.

Aliingia ndani kwa hasira.

"Feruzi! Umeshika mihogo yangu na mikono yako ya petroli?"

"Mimi? Wallahi, hata sikugusa!"

"Basi ni nani?"

"Labda ni majani," Feruzi alisema kwa sauti ndogo.

Jirani yao Marie-Jeanne alisikia kelele. Yeye alifanya kazi ya afya: alikagua maji ya mtaa.

"Mama Safi, unaloweka wapi? Bon, twende tuone."

Walishuka wote watatu mpaka mtoni. Feruzi alionyesha kwa kidole.

"Ona, maji iko safi. Ni kweli, risasi zilitoboa tanki ya depo. Lakini walishaitengeneza."

Marie-Jeanne aliokota fimbo, akaichomeka ndani ya matope na kuikoroga. Mapovu yalipanda. Utando wa rangi nyingi ukatanda juu ya maji, ukameremeta. Feruzi aliinama, akanusa.

"Mama yangu! Hii ni petroli kabisa!"

"Iliyomwagika wakati ya vita," alisema Marie-Jeanne. "Ile ya juu, mto uliibeba, na jua likakausha nyingine. Lakini ile iliyoingia chini ilishikamana na matope. Ndani mule hewa ni kidogo sana, kwa hiyo inakaa miaka. Ukikanyaga, inapanda. Mihogo yako inainywa."

"Na watoto wanaochimba samaki hapa matopeni?" aliuliza Safi.

"Wasichimbe tena. Samaki wa matope haya wasiliwe. Ukiona rangi hizi, ukisikia harufu hii, ondoka. Kupika hakuondoi petroli."

Safi alishika kichwa. "Alors, harusi ya Binti?"

"Loweka nyumbani, ndani ya pipa, na maji ya chemchemi."

Feruzi alikimbia, akarudi na pipa mgongoni, anatabasamu.

"Lilikuwa na nini?" aliuliza Marie-Jeanne.

"Petroli. Lakini nimelisuuza!"

Wanawake wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Feruzi alitafuta pipa lingine, lililokuwa na mafuta ya mawese. Safi alilisugua kwa majivu na maji ya moto. Akatupa mihogo yote ya zamani, akaanza upya.

Siku ya harusi, kwanga zilikuwa nyeupe na laini. Papa Augustin alinusa kwanza. Kisha alikula, akaomba nyingine.

Baada ya karamu, wanawake wa mtaa walijaza ndoo kwa matope yale, wakaiweka mbele ya mlango wa mkubwa wa depo. Alitoka, akanusa, akafunika pua. Muda si mrefu wafanyakazi wake walichimba matope machafu, wakayaweka katika shimo la saruji mbali na mto. Wakazungusha uzio ukingoni, mtu asiingie.

Sasa kila nyumba ya mtaa ina pipa lake la mihogo. Chemchemi iko mbali kidogo, na ndoo ni nzito. Asubuhi moja wanaume walimwona Feruzi anapita na ndoo kichwani, maji yanamtiririka shingoni.

"Papa Feruzi! Siku hizi umekuwa bibi arusi, unachota maji?"

"Chekeni tu," alijibu, bila kusimama. "Mke wangu ananingoja, na mimi ndiye ninayekula kwanga ya kwanza."