Wifi wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mama Pacha alishona kwa mguu na kusoma kwa mdomo. Cherehani ilikuwa dirishani, na Biblia ilikuwa juu ya meza ya kukatia, imebanwa na mkasi isijifunge. Jumapili angesoma kanisani kwa mara ya kwanza tangu aanze darasa la jioni la kujifunza kusoma. Wiki nzima alirudia mistari ileile ya Mathayo sura ya tano, silabi kwa silabi, mpaka pacha wake wakaigeuza wimbo wa kurukia kamba.

Nyuma ya ukuta aliishi wifi yake, dada wa mumewe. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba: ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya. Lakini kwa miezi miwili sasa wifi hakuitikia hata salamu.

"Mimi nimeshamsamehe," Mama Pacha alimwambia mwalimu wake, aliyekuja kupunguziwa gauni na kumsikiliza akisoma. "Nilimwombea, akanuna. Tenda wema uende zako."

"Ulimwombea nini?"

"Mimba yake ilipotoka. Nilisimama kwenye kikundi cha maombi, nikasema, akina mama, tumbebe wifi yangu, hii ni mara ya tatu."

"Alikutuma useme?"

Mguu ukasimama kwenye cherehani.

"Aliniambia mimi peke yangu. Lakini yalikuwa maombi, Mwalimu."

"Kwani Mungu alikuwa hajui?" Mwalimu hakupandisha sauti. "Kesho yake wangapi walijua sokoni?"

Mama Pacha akamkumbuka muuza nyanya, aliyempa wifi pole mbele ya watu. Siku ile wifi aliacha kikapu chake palepale, akaondoka.

"Soma tena," Mwalimu akasema. "Safari hii usikimbie."

Akaweka kidole. "Na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako..." Kidole kikasimama.

"Unaona? Hapo Yesu hamsemi aliyekukosea. Anamsema uliyemkosea wewe. Iache sadaka, nenda mkapatane kwanza, kisha urudi. Kusoma kwako ni sadaka, mwanangu. Inaweza kungoja."

Siku sita alikuwa ameyatamka maneno hayo. Sasa yalikuwa kama yameandikwa asubuhi hiyo, na mtu anayeijua nyumba yake. Alitoka na futi ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani. Hatua saba tu mpaka mlango wa pili, naye hakuwahi kutembea mbali hivyo.

"Hodi, wifi."

Mlango ulichelewa, kisha ukafunguka kidogo.

"Sikuja kujitetea. Ulinipa siri, nikaitangaza na kuiita maombi. Nimekukosea. Ukisema nisisome Jumapili, sisomi."

Wifi akaegemea mwimo wa mlango.

"Tangu Jumatatu unanisomea ukutani," akasema. "Nimeshaishika mistari yote kwa moyo. Kila siku nauliza, Bwana, haya maneno yatanifikia mimi tu, au na yeye?"

"Nina kichwa kigumu, wifi."

"Kaka yangu alishatuambia." Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, na machozi nyuma yake. "Bado inaniuma. Usidhani yameisha."

"Sidhani."

"Basi ingia."

Mama Pacha aliingia. Hakuomba kwa sauti. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo mpaka pacha wakaja kudai chakula.

Jumapili, kabla ya ibada, aliwaambia akina mama wa kikundi kosa lake, bila kurudia siri ya mtu. Tangu hapo, yeyote anayeleta jina la mwenzake huulizwa kwanza, "Mwenyewe ameruhusu?" Asiyeruhusiwa huomba kimoyomoyo, naye Mungu husikia.

Kisha akaitwa mbele. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye kupatana, akainua macho. Benchi la tatu, midomo ya wifi ilikuwa ikitamka pamoja naye, neno moja mbele.